Nani Alikuwa Kisimani

Mwezi uliopita nilikaa Garsen siku nne nyumbani kwa kaka yangu. Siku ya pili, mwanawe wa miaka kumi alinijia na simu ya mamake mkononi. "Shangazi," akaniuliza, "'summer' ni mwezi gani?" Alikuwa ameona tangazo la filamu ya vichekesho, sehemu ya nne ya upuuzi ambao sehemu zake tatu za kwanza amekwisha kuzikariri, na chini ya tangazo paliandikwa kwamba itatoka katika msimu huo. Nikamwambia ni Juni hadi Agosti, na kwamba msimu wenyewe ni wa Ulaya na Marekani, kwetu haupo. Akahesabu vidole, akaridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Laiti ningalipewa jibu hilo nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, huenda leo, mwalimu wa watu na mzee wa kanisa, nisingalikuwa nikimwonea wivu mtoto wa kike ambaye hakuweza kutofautisha "huyu mtu" na "hii mtu".

Nirudi nyuma, msomaji wangu, hadi mwaka uliofuata yale mafuriko ya El Nino. Mto Tana ulikuwa umeacha njia yake na kulala mashambani, na shamba la nyanya yangu kule Ngao, ndizi zake na mpunga wake, lilikwenda na maji. Nyanya akaletwa kwetu Garsen akiwa na ungo mmoja, kinu kimoja na Biblia iliyolowa. Hakulia. Lakini tangu siku ile hakucheka pia, na kwa mtu aliyekuwa akicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani, ukimya ule ulitutisha kuliko machozi. Mchana kutwa alikaa uani akipepeta mchele wa watu wengine, makapi yakimrukia miguuni.

Ndipo mtu mmoja mwenye jenereta alipofungua chumba cha video karibu na soko. Kilikuwa chumba cha mabati chenye joto la tanuri na harufu ya petroli, na kila Jumamosi adhuhuri kilijaa watoto na vijana. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa haba. Mwalimu wetu akanipendekeza mimi, wa kwanza darasani, nikawa mkalimani. Nilikalishwa juu ya kreti ya soda kando ya televisheni, fimbo mkononi, nikawaeleza watu kinachosemwa. Nilikuwa makini mno. Mhusika akitukana, niliruka tusi na kutia nasaha mahali pake, hadi vijana wa nyuma wakanipigia kelele: "We siste, wacha kuhubiri! Tuambie msee amesema nini!" Sikuwajali. Cheo ni cheo, hata kikiwa juu ya kreti.

Filamu iliyotuteka sote ilikuwa ya kipuuzi kupita zote. Jamaa mmoja mrefu, suruali yake fupi, aliajiriwa na tajiri amlindie mbwa; na mbwa akawa na akili kumshinda mlinzi. Jamaa alikalia keki ya harusi. Alijimwagia unga akadhaniwa mzimu. Mwishowe alibaki akining'inia kwenye kamba juu ya paa la jumba, suruali ikianza kumteremka, na mbwa yuko juu anaitafuna ile kamba. Papo hapo picha ikaganda, na maneno makubwa ya Kiingereza yakajitokeza kutangaza kwamba sehemu ya pili ingetoka majira yale yale aliyoniuliza mtoto wa kaka yangu. Chumba kizima kikanigeukia. "Lini? Lini?" Nami nikainua fimbo, nikatamka kama kamusi ilivyonifunza: "Kiangazi."

Wote wakafurahi. Kiangazi chetu tulikijua. Ni ile miezi ya kuanzia Januari, mto unapopungua hadi mchanga wake ukaonekana, na wafugaji wa Kiorma wanapoteremsha ng'ombe kuja kunywa. Hakikuwa mbali.

Nyanya hakuweza kwenda kwenye video. Mguu haukumruhusu, na kanisa pia. Alitaka kusimuliwa. Hapo palikuwa na jambo moja ambalo sharti nilieleze. Nyanya alitufunza kwamba hadithi haisimuliwi mchana. "Asimuliaye hadithi jua likiwaka," alikuwa akisema, "humpoteza mama yake njiani." Filamu, hata hivyo, aliihesabu vingine. Filamu ilikuwa jambo lililotendeka, likaonekana kwa macho; haikuwa hadithi, ilikuwa habari. Kwa hiyo ilikuwa halali kuisimulia mchana, mikono ikifanya kazi.

Nikamsimulia. Nilianza mwanzo nikamaliza mwisho, kwa mpangilio, nikimpa na mafunzo. Nyanya akapepeta mchele wake, akasema, "Vyema, mjukuu wangu. Umesoma." Basi.

Jioni ile ile alikuja binti wa jirani. Mama yake alikuwa Mworma aliyeuza maziwa kwa kuyazungusha mjini, katika vibuyu vilivyofukizwa moshi hadi maziwa yakanukia kuni. Binti huyu alikuwa rika langu, hakumaliza hata darasa la tatu, na pale kwenye video alikaa sakafuni miguuni pangu. Kila neno la filamu ile alilipata kutoka kinywani mwangu. Akashika mchi kumsaidia nyanya kutwanga, na katikati ya kutwanga akaanza: "Nyanya, hii mtu nakimbia, nakimbia, suruwali naanguka, yeye hajui! Mbwa naangalia yeye hivi..." Akaangalia kama mbwa. Akauweka mchi begani kama bunduki ya mlinzi, akatembea kwa miguu mirefu asiyokuwa nayo. Nyanya akaweka ungo chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha kikatoka kile kicheko tulichodhani kimekwenda na mto, na kitambaa kikamtoka kichwani.

Mama yangu alikuja mbio kutoka jikoni, akasimama mlangoni akilia kwa furaha. Mimi nilisimama karibu naye, nami machozi yalinilenga, lakini hayakuwa ya furaha. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo juu ya tabia za binadamu, na katika dhambi zote zilizoorodheshwa sijaona iliyo fukara kama wivu. Mlevi hupata walau ulevi wake. Mwenye wivu hupata nini? Hupata kusimama uani kwao, nyanya yake amepona, naye anaona ameibiwa.

Kutoka siku hiyo akawa akija kila jioni. Nyanya alimwekea ndizi alizozipika kwa nazi, naye akaleta maziwa. Na kila jioni walizungumza juu ya sehemu ya pili. Je, kamba itakatika? Suruali je? Nyanya alipanga kurudi Ngao kiangazi kikifika, mashamba yakikauka, lakini alisema wazi mbele yetu: "Siendi mpaka nijue yule jamaa ameangukia wapi." Kisha akanitazama mimi. "Si ulisema kiangazi?" Nikasema ndiyo. Nilijiahidi kwamba safari hii nitasimulia mimi kwanza, na atacheka kwangu.

Kiangazi kikafika. Mchanga ukaonekana, ng'ombe wakateremka, vumbi lao likasimama juu ya barabara ya Minjila. Sehemu ya pili haikufika. Nilimwendea mwenye jenereta kila Jumamosi mpaka akachoka nami. "Dada, mimi sitagi kanda kama kuku mayai. Malindi wenyewe hawana!" Nikamwendea mwalimu. Yeye ndiye aliyeniambia, huku akicheka kwa upole, kwamba kiangazi cha wale watu ni wakati wetu wa baridi, na kwamba neno moja la kamusi laweza kubeba jua la nchi nyingine. Nilikuwa nimewapotosha watu wote. Sikumwambia nyanya. Mimi niliyekuwa nikiyachuja matusi ya filamu nilishindwa kutamka maneno mawili: nilikosea kutafsiri.

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake nyanya angepanda gari kwenda Ngao, maana kaka zake walikuwa wameanza kulima na hawangengoja. Na mama muuza maziwa naye angehama kesho hiyo hiyo na aila yake kufuata ng'ombe upande wa delta. Alasiri, jua bado kali, nyanya alikuwa akipepeta mchele wake wa mwisho. Akasema bila kuinua macho, "Basi naondoka sijui."

Binti wa jirani akauacha mchi. "Nyanya," akasema, "mimi naona sehemu ya pili."

"Wapi wewe?"

"Minjila. Jana. Kamba nakatika, nyanya, kata! Hii mtu naanguka juu ya ngamia."

Nilijua Minjila hapakuwa na video. Nyanya akaweka ungo chini. Na yule binti akaendelea: ngamia akakimbia naye hadi mtoni, jamaa akapanda mtumbwi kuvuka kwenda kijiji cha Wema, mbwa ndiye anapiga kasia, jamaa anamshika mkia asianguke. Huko akaingia shamba la ndizi, nyani wakamfukuza, wakamvua ile suruali, kiongozi wa nyani akaivaa. Nyanya alikuwa amejiinamia, anajipiga magoti, anasema, "Acha! Acha, mwanangu, utaniua! Enhe, kisha?" Kisha jamaa, uchi na aibu, akarukia kisimani kujificha. "Na ndani ya kisima, nyanya, giza, kumbe kuna mtu. Nakaa. Nangojea yeye. Nasema: 'Umechelewa.' Na hii mtu ni..."

"Uongo!" nikapiga kelele. "Filamu haijafika! Ametunga yote!"

Nyanya akachukua kitambaa chake chini, akakifunga taratibu.

"Nilijua," akasema. "Tangu lini mbwa wa Mzungu akaijua njia ya Wema? Nilijua alipotaja ngamia. Nisilolijua ni kwamba wewe, kwa kusoma kote huko, hujafunzwa kunyamaza." Akatazama juu, jua lilikuwa bado juu. "Ulipokuwa hujasema ilikuwa filamu. Sasa umeifanya hadithi. Na hadithi haisimuliwi mchana."

Yule binti alikuwa ameshasimama. Macho yalimtoka. Mama yake alikuwa njiani wakati ule, peke yake na vibuyu vyake, na mtoto wake alikuwa akisimulia hadithi jua likiwaka. "Hoyo!" akaita kwa lugha yao, akimwita mama, akakimbia nje kumtafuta barabarani. Mama alirudi salama. Binti hakurudi kwetu. Alfajiri walikuwa wamekwenda, na saa mbili nyanya naye akaenda.

Aliishi miaka mingine tisa. Kila nilipokwenda Ngao aliniuliza, kabla hata ya salamu kukamilika, "Nani alikuwa kisimani?" Mwanzoni nilijibu sijui. Mara moja nilitunga jibu, kwa Kiswahili fasaha, nikasema ni yule tajiri mwenye mbwa. Nyanya akalifikiria kwa heshima, akatikisa kichwa. "Hapana. Siye." Akaenda kaburini na swali lake.

Chumba cha video leo ni duka la vifaa vya simu. Sehemu ya pili yenyewe nimeipata na kuitazama, peke yangu, nikielewa kila neno bila mkalimani. Jamaa anaangukia kidimbwi cha kuogelea. Hakuna ngamia, hakuna mtumbwi, wala kisima. Sikucheka hata mara moja.

Siku ya kuondoka Garsen nilinunua maziwa kwa mama mmoja kando ya barabara, nikamwuliza habari za jirani yetu wa zamani, yule mama muuza maziwa. Akasema mama huyo alikwisha fariki, lakini binti yake yuko hai, anaishi upande wa Bura, ana watoto sita. "Nyumba ile," akasema, "giza likiingia, utasikia vicheko tu."

Nikayabeba maziwa yangu hadi garini, yakinuka moshi. Wale watoto sita wanajua nani alikuwa kisimani.