Edinah na Miguu ya Nyamusi

Kama toba ingekuwa inapimwa kwa mizani kama majani chai, Edinah angekuwa tajiri kuliko kijiji kizima. Kila alfajiri, kabla hajabeba kikapu chake mgongoni, alipiga magoti kando ya kitanda akatubu dhambi moja, ile ile, kwa maneno yale yale, mwaka wa nne sasa. Kisha aliinuka kwenda kuchuma, na dhambi ikaenda naye.

Dhambi za usichana hazikumsumbua. Hizo zilibaki mtoni alikobatizwa akiwa na miaka kumi na tisa. Shida ilikuwa hii aliyoitenda akiwa tayari mtu wa Mungu, shemasi wa kanisa, anayefua vitambaa vyeupe vya Meza ya Bwana.

Miaka minne nyuma mjukuu wake alishikwa na homa. Emily, mke wa mwanawe na mama wa mtoto, alikuwa akiuza nguo mjini Kisii na kulala huko, akirudi Ijumaa tu. Kila alipopiga simu, Edinah alimjibu, "Ni meno tu, mwanangu. Wewe fanya kazi." Alisema hivyo siku tatu, kwa kuwa majani yalikuwa yameiva na zahanati ilikuwa mbali. Siku ya nne mtoto akafa.

Baada ya mazishi, wanawake wakisubiri lori kwenye kituo cha kupimia majani, mmoja aliuliza mbona mtoto hakupelekwa hospitali mapema. Edinah aliona macho yote yamemgeukia. Ulimi hauna mfupa. Akajisikia akisema kwamba siku mtoto alipoanza kuugua, alimwona jirani yake Nyamusi akizunguka nyuma ya nyumba, ameficha kitu kwenye leso. Hakuwa ameona chochote. Siku hiyo Nyamusi alishinda sokoni Nyakoe akiuza ndizi.

Neno "omorogi", yaani mchawi, halikutoka kinywani mwake. Wenzake walimsaidia kulitamka. Siku mbili baadaye nyumba ya Nyamusi ilichomwa mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani, naye akatoka akikanyaga makaa ya mlango wake. Akakimbilia kwa binti yake, Bochaberi, huko Masimba.

Mwaka wa pili chakula kilianza kumshinda Edinah. Akamwendea Masese, mzee wa kanisa.

"Mzee, mtu akitenda dhambi baada ya kuokoka, atubu mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Ukirudia kila siku unamfanya Mungu mwongo."

"Na kama haitoki?"

"Imeshatoka. Ni wewe unaenda kuifukua." Masese akatazama kando. "Mambo ya hiyo nyumba tuliyaacha. Watu wametulia. Usituamshie."

Edinah hakuwa amemtajia nyumba yoyote. Alirudi kwake akijaribu kuamini, na kwa wiki moja hakupiga magoti. Ilikuwa wiki mbaya kuliko zote.

Basi mwaka wa nne ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwa desturi ya kanisa lao, kabla ya mkate waumini huoshana miguu, wanaume kwao na wanawake kwao, na mwenye neno na mwenzake ndiye anayepaswa kumtafuta. Watu wengi humtafuta rafiki. Ni rahisi zaidi kuosha mguu usiokudai kitu.

Siku hiyo Nyamusi, ambaye hakuwa ameonekana kijijini tangu moto ule, aliingia kwenye chumba cha wanawake, akaketi mwisho wa benchi. Hakuna aliyemtazama. Kila mtu alipata mwenzake haraka ajabu. Edinah alibaki katikati ya chumba na beseni mkononi. Mwishowe akapiga magoti mbele yake.

Nyamusi alivua soksi. Nyayo zilikuwa zimekunjamana, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeshikana kabisa. Edinah alimwagia maji akaogopa kugusa. Kisha akagusa.

"Mama Bochaberi," akanong'ona, "ni mimi nilisema. Nilidanganya. Nisamehe."

"Najua ni wewe," Nyamusi akasema polepole. "Nilijua kabla moshi haujaisha. Nilikusamehe kitambo. Singeweza kubeba chuki na miguu hii pamoja."

Edinah akalia, akadhani yamekwisha.

"Lakini sikia," Nyamusi akaendelea. "Ninalala kwa mkwe wangu. Mama mkwe na mume wa binti chumba kimoja, pazia tu katikati! Mgusii gani anakubali aibu hiyo? Nataka kurudi kwangu, hata nijenge kibanda. Leo nikipita hapo barabarani watoto wameniokotea mawe. Mungu amekusikia, na mimi nimekusikia. Hawa hawajakusikia."

Edinah akainua macho. Ng'ambo ya chumba Emily alikuwa akimpangusa mwenzake miguu, tumbo la mimba mpya likimzuia kuinama vizuri. Kuukiri uongo ni kueleza uongo huo ulifunika nini. Na Emily alikuwa bado anamwita mama. Edinah aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa jehanamu.

Waliporudi ndani ya kanisa, mkate ukiwa bado umefunikwa, Masese aliuliza kama kuna mtu mwenye neno. Huulizwa kila mara, na kila mara watu hutazama viatu vyao. Edinah akasimama.

"Mimi Edinah nilimsingizia Nyamusi. Sikumwona popote. Mtoto alikuwa na homa, na mimi—"

"Amina, mama!" Masese akadakia. "Bwana alishasamehe. Tuimbe!"

Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, kwa sauti ya juu, na benchi la wazee likaupokea kwa nguvu. Miaka minne iliyopita baadhi yao walibeba petroli kwa mikono yao wenyewe. Edinah hakunyamaza. Alisema yote ndani ya wimbo, simu, meno, zile siku, na wao wakazidi kupaza sauti hata maneno yake yakamezwa. Nyamusi alikuwa ameinamisha kichwa. Emily peke yake hakuimba. Alikuwa akiitazama midomo ya mama mkwe wake.

Wimbo ukaisha. Masese akaanza kupekua kitabu atafute mwingine. Edinah hakuketi.

"Mimi Edinah," akaanza tena.

Emily alikuwa ameshainuka, anakuja katikati ya viti, mkono mmoja tumboni.

"Mama," akasema, "umesema alikuwa na homa siku ngapi?"

"Tatu," Edinah akamjibu, na kanisa zima likasikia.