Karatasi za Babu Zimekataliwa

Leo Jumamosi nimechoka, lakini nitawaeleza yote.

Maktaba ya chuo kikuu iliomba kuhifadhi kumbukumbu za mikutano ya wazazi waliojenga shule yetu. Ziliandikwa na marehemu babu.

Nyanya hakutaka ziende zikiwa na masizi ya moshi wa jikoni. Alizipangusa, akazipeleka sokoni Nyakoe, zote zikapigwa laminesheni, zikafunikwa plastiki kama vyeti.

Leo tulipozifikisha maktaba, mhifadhi wa nyaraka alizigeuza moja moja.

"Nyanya, gundi ya plastiki hii huila karatasi polepole. Hatuwezi kuzipokea hivi."

"Kwa hivyo mlitaka panya wazile haraka?"

Mhifadhi alicheka. Nyanya hakucheka.

Tumerudi nazo nyumbani Marani. Nyanya amelala bila kula.

Nani anajua jinsi ya kubandua plastiki bila kurarua mwandiko wa babu?