Nafasi ya Kutosha

Nilimkuta kaka yangu akimpima mama kama anayempimia jeneza.

Mama amesimama ukutani, mikono ubavuni. Kaka kachuchumaa miguuni pake na futi kamba, ileile aliyoshonea mama nguo za watu mpaka akajenga nyumba ya vyumba sita.

"Kaka, unafanya nini?"

"Natekeleza mkataba, bibie. Hati inasema nafasi ya kutosha. Nataka kujua bi mkubwa anatosha wapi."

Wifi yangu akacheka hadi akashika mlango. "Ongeza inchi mbili, baba watoto. Akijigeuza je?"

Siku hiyohiyo mama akahamishiwa stoo, kwenye makopo ya rangi. Kitanda kiliingia kwa kulazimishwa. Cherehani ikabaki uani chini ya turubai. Vyumba vyake viwili vya mbele wakaingia ndugu za wifi.

Nikawaka. "Tutaonana mahakamani!"

"Karibu," kaka akasema. "Njoo na hati uliyoandika mwenyewe."

Ndiyo. Niliandika mimi.

Mama alimpa kaka nyumba kwa sharti moja: amwachie pa kulala na pa kushonea mpaka afe. Waliniita mimi kwa sababu ndimi mwenye diploma, na Kiswahili changu, jamani, kinateleza kama mafuta.

Mahakamani nikasimama kifua mbele.

"Mheshimiwa, nafasi ya kutosha ni vyumba viwili. Kila mtu alijua."

Hakimu akainua miwani. "Mbona basi hukuandika viwili?"

Kabla sijajibu, kaka akatoa karatasi mfukoni. Rasimu ya kwanza. Mwandiko wangu.

Hakimu akasoma: "'Ataachiwa vyumba viwili vya mbele.' Hapa pamekatwa mstari. Juu yake: 'nafasi ya kutosha.' Nani alikata?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona... inapendeza zaidi."

Mama ndiye aliyetaka iandikwe viwili. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, hii ni hati, siyo oda ya vifungo." Akaona aibu, akaweka dole gumba.

"Idadi ilikuwepo, mkaifuta, mkatia saini," hakimu akasema. "Siwezi kuirudisha. Mama ana kitanda, ana paa, cherehani ipo uani. Shauri limekwisha."

Nje, wifi akanipa mkono. "Ahsante sana, mwanasheria wetu."

Nikamshika mama, machozi yananitoka. "Twende kwangu, mama. Nina nafasi. Hutakosa kitu."

Akanitazama kama mteja aliyeleta kitambaa kilichooza.

"Hutakosa kitu ndiyo vyumba vingapi?"

"Mama! Mimi si mwanao?"

"Na yule ni mtoto wa nani?"

Akageuka, akamfuata kaka nyumbani.

Ndugu msomaji, ukiona kwenye karatasi "kutosha", "kiasi", "mara kwa mara", "muda mfupi", weka kalamu chini, uliza: ngapi? Wakikwambia unaharibu lugha, waachie lugha, wewe ondoka na namba. Neno lisilo na idadi hujazwa na mwenye nguvu, naye hana huruma ya kujaza hadi juu.

Lugha yangu bado tamu, watu wananisifu.

Mama anashona kwa mkono siku hizi, mle stoo, miguu kitandani. Kiti hakiingii.