Bakuli la Shangazi

Nikipakua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli hili la bati lenye maua, harufu yake hunirudisha Mwanza.

Tulihama Nansio kwa meli tukaenda kukaa jirani na shangazi. Raha iliyoje! Ila wa kutumwa nilikuwa mimi. Shangazi akituletea michembe, mama anajaza dagaa bakulini, ananituma kulirudisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa ule kwanza."

Nakula mpaka nahema, naye analijaza karanga. "Mpelekee mama."

Siku moja nikalalamika, "Mama, nimechoka! Si tulirudishe tupu tu leo?"

Mama akacheka. "Tupu? Atadhani tumegombana!"

Bakuli bado ninalo. Shangazi alipofariki, zamu ya kulirudisha ilikuwa yetu.