Maji Yanasema Wawili

Mama Kidevu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mtaa mzima, kidogo kidogo, kwa sababu hakuna mtu mzima pale ambaye hajawahi kuketi kwenye kigoda chake cha kuzunguka akaambiwa, "Kidevu juu kidogo." Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na ofisi ya vitambulisho: pazia jeupe ukutani, taa mbili, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe, na kompyuta iliyonguruma kama jokofu. Ukitoka kwake umetoka. Masikio yote mawili yanaonekana, macho yako wazi, kola imenyooka, na usoni huna kipele hata kama umekuja nacho. Hapo ndipo palipokuwa na sifa yake. Picha ikishapigwa, aliiingiza kwenye kompyuta na kuisafisha. Kipele, anafuta. Uzi kwenye shati, anafuta. Mkono wa mama anayemshikilia mtoto asianguke, anafuta, mtoto anabaki anaelea hewani peke yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akifuta, na mkono wake ulishazoea kiasi kwamba haukuwa na haja ya kumuuliza mwenyewe.

Mambo ya ndege yalianza kwa daktari. Presha ilimpanda, akaambiwa atembee kila asubuhi, na kwa kuwa si mtu wa kutembea mikono mitupu, akabeba kamera. Nyuma ya kiwanda cha matofali kulikuwa na bwawa la idara ya maji, limezungukwa na matete, na huko akajikuta amepata wateja wapya. Akawapokea vilevile kama wale wa studio. Yangeyange alimpenda tangu siku ya kwanza: mweupe, mrefu, shingo imenyooka, anasimama robo saa bila kupepesa. "Huyu amelelewa," alimwambia bintiye. Kereng'ende naye, mdudu yule wa mabawa manne, alimheshimu, maana ukimfukuza kijitini anazunguka kidogo kisha anarudi kukaa palepale, mabawa ameyatandaza, tayari kupigwa tena. Aliyemtia wazimu ni kibisi.

Kibisi ni ndege mdogo wa majini, wa kahawia, hana mkia wa kujivunia, na kazi yake kubwa ni kuzama. Unamwona, unainua kamera, hayupo. Anaibukia kule mbali na kukutazama kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Mama Kidevu alihangaika naye msimu mzima. "Tulia, baba, nikupige vizuri," alimbembeleza, na siku alipomkuta analalia mayai akamwomba radhi kwa kumwita baba, akaanza kumwita mwenzangu. Kiota chenyewe kilikuwa lundo la majani yaliyooza, linaelea ukingoni mwa matete upande wa kaskazini. Kila alipotoka, ndege yule aliyafunika mayai yake kwa majani, hata ukichungulia huoni ila takataka.

Basi Alhamisi moja akamkuta msimamizi wa bwawa akipima matete kwa kamba. Yangefyekwa yote Jumatatu, saa moja asubuhi, kwa sababu yalikuwa yakiziba mdomo wa bomba. Siku mbili kabla alikuwa amesikia vilio vyembamba mle ndani, na alijua mayai yameshaanguliwa. Vifaranga wachanga vile hawaruki, hawajui kuzama, na pasipo matete ya kujificha mwewe angewaokota mmoja mmoja kama karanga. Akamwomba msimamizi auache upande ule mmoja tu.

Msimamizi alikuwa mtu wa makaratasi, mrefu, mwenye kovu lililoshuka shavu zima. Alikwenda mpaka ukingoni, akainama, akasema yeye anaona takataka. Kama kuna vifaranga, aletewe picha, maana wakubwa wake hawasimamishi kazi kwa maneno matupu. Lakini picha za mama huyu alizijua. Miaka sita iliyopita alipigwa kwake picha ya kitambulisho cha kazi, akafutwa kovu, na tangu siku hiyo askari wa getini humsimamisha kila asubuhi, anatazama shavu, anatazama kitambulisho, anatazama shavu tena.

"Nataka picha ya kweli, mama," alisema. "Si ya kupendeza."

Ijumaa bahati ikamwangukia. Maji yalikuwa yametulia tuli, na kibisi akaibuka hatua kumi tu mbele yake, akakaa. Mama Kidevu alikuwa amesahau miwani juu ya kompyuta, lakini kidole kilijua njia. Akapiga moja kabla ndege hajazama. Akarudi studio mbiombio, akakuta watu wanane mlangoni, kila mmoja na haraka yake, na alipopata nafasi ya kuifungua ile picha ilikuwa jioni na macho yamechoka. Alikuwa akimtafuta kifaranga ubavuni mwa ndege, juu ya maji, kama watoto wa bata. Hakumwona. Wakati macho yanatafuta, mkono ukaendelea na kazi yake. Ukainyoosha picha, ukaongeza mwanga, ukakuta kidoa mgongoni mwa ndege kinaharibu mstari mzuri wa mgongo, ukakifuta. Ukahifadhi. Kisha ukafuta na kadi ya kamera, kama ilivyokuwa desturi kila jioni, kwani nyuso za watu si vitu vya kuweka ovyo. Akaichapisha hivyohivyo, akijipa moyo kwamba ndege mwenyewe ni ushahidi tosha.

Jumamosi msimamizi akaishika picha kwa mikono miwili. Akakiri ni nzuri. Halafu akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Huku juu ndege ana kichwa kimoja," akasema. "Kwenye maji ana viwili."

Mama Kidevu akavaa miwani. Kweli bwana. Chini ya ndege, kwenye sura yake iliyolala majini, mgongoni palitokeza kichwa kidogo chenye mistari. Jambo ambalo hakulijua, na sasa alilijua kwa uchungu, ni kwamba watoto wa kibisi hupanda mgongoni kwa mama yao na kujichimbia ndani ya manyoya. Mkono wake ulikuwa umemfuta mtoto juu, ukamsahau chini. Kile alichokwenda kukitafuta bwawani alikipata, tena kwa picha moja, na akakitupa mwenyewe.

Akaeleza kila kitu bila kuficha. Msimamizi, tumpe haki yake, alimsikiliza mpaka mwisho. Lakini maji yanasema wawili, alisema, na wewe unasema mmoja, na karatasi inayojipinga yenyewe haiendi kwa wakubwa. Jumatatu saa moja iko palepale.

Bintiye, aliyekuwa muuzaji kwenye duka la dawa, alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mama yake hacheki. Akapiga simu kazini, akabadilishana zamu ya Jumapili.

Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa ndani ya tope mpaka magotini, binti ameshika mwavuli wa kujificha, mama amevaa mabuti ya kuazima yaliyokuwa yote mawili ya mguu wa kushoto. Kereng'ende mwekundu akaja akatua kwenye ukingo wa lenzi. Akafukuzwa, akarudi. Akafukuzwa, akarudi. Saa nne kibisi akaibuka, mgongo umemvimba, na mara vichwa vitatu vikachomoza kwenye manyoya. Mama Kidevu akalenga. Na hapa, ndugu msomaji, usimlaumu, mazoea yana taabu. Kifaranga mmoja alikuwa ametazama pembeni. Akangoja ageuke. Akageuka, wa pili akaingiza kichwa ndani. Akangoja. "Videvu juu," akanong'ona, "wote mbele." Kibisi akazama na wanawe wote.

Saa ikapita, na ya pili ikapita. Binti alikatazwa kukohoa, akakatazwa kujikuna, mwisho akakatazwa kupumua kwa nguvu. Mama yake akaanza kunong'ona: amewaua watoto wa mwenzake kwa unadhifu. Alikuwa bado ananong'ona pale ndege alipoibuka tena, karibu mno, upande upande, nusu yake ndani ya matete, watoto wamemkalia ovyo na mmoja anaanguka. Mama akaanza kurekebisha lenzi.

"Mama, piga," binti akasema. "Hawaendi kuchukua pasipoti hawa."

Akapiga.

Ilikuwa picha mbovu kuliko zote alizowahi kupiga. Ililala upande. Mdomo wa kibisi ulikatwa na ukingo. Kona nzima ilizibwa na bawa la yule kereng'ende, na kifaranga mmoja alikuwa ukungu mtupu. Lakini juu walikuwa watatu, na majini watatu. Alipoifungua kwenye kompyuta, mkono wa kulia ukaanza kutambaa kuelekea kwenye kona ile. Akaukalia. Ndiyo, jamani, aliuweka chini ya paja akaukalia, akachapisha kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu wafyekaji sita walikuwa wameshanoa mapanga. Msimamizi aliitazama picha muda mrefu. Akaigeuza juu chini, akahesabu kwa kidole. Akauliza hiki kilichoziba kona ni kitu gani, akaambiwa ni bawa la kereng'ende.

"Picha mbaya hivi," akasema taratibu, "haiwezi kuwa ya uongo."

Akawaamuru waanzie kusini, na upande wa kaskazini wasiuguse. Mmoja wao akanung'unika kwamba ndege mwenyewe hatoshi hata supu, akatazamwa, akaona heri afyeke.

Ikabaki fomu. Kazi ikisimama popote, lazima ijazwe fomu ya sababu, na sababu zilizochapwa zilikuwa nne tu: mvua, mashine mbovu, ajali, likizo. Ndege hakuwemo. Msimamizi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatafuna kalamu. Mvua haikunyesha. Mashine zilikuwa nzima. Ajali haikutokea, na uongo asingeandika. Mwisho akaweka alama kwenye likizo, na mbele yake, kwa mwandiko wa mtu asiyetania, akaandika: ya uzazi. Mwombaji, kibisi. Watoto, watatu. Muda, miezi mitatu. Akaibana picha kwa pini juu ya fomu.

"Miezi mitatu," akasema bila kuinua kichwa. "Ndiyo wanayopewa watumishi wote. Itamtosha?"

Mama Kidevu alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani. Akamtazama bintiye, aliyekuwa ameaga kazini kwa nusu saa aje kushuhudia. Binti huyo alizaliwa Jumatano. Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuwa amelazwa ndani ya boksi la karatasi za picha, chini ya meza ya studio, na mama yake amesimama nyuma ya kamera akiwaambia watu wainue kidevu, huku maziwa yakimlowesha blauzi.

"Itamtosha," akasema. "Mimi nilipata siku nane."

Msimamizi aliitazama fomu yake kidogo. Kisha akaikata ile mitatu kwa mstari mmoja, akaandika minne, akatia saini pembeni.