Mama Aliposema Ameshiba

Mama yangu, Natalia, amelima mpunga kijijini Michenga maisha yake yote. Sijawahi kumwona akiacha wali. Mwaka jana, tukitoka hospitali Morogoro, nilimwingiza kwenye mgahawa wenye vitambaa mezani. Alinawa, akafinyanga tonge la wali kwa mkono. Watu wa meza ya pili wakatugeukia. Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikamnong'oneza kwa ukali: "Mama, shika kijiko! Unanitia aibu."

Akafuta vidole taratibu, akasema ameshiba. Sahani ilikuwa bado imejaa.

Basi la kurudi kijijini liliposimama njiani Mkula, alinunua mihogo ya kuchoma dirishani, akaila haraka haraka kama aliyeshinda njaa. Kisha akanimegea kipande.

"Kula, baba. Hapa hakuna anayetutazama."