Vidole Vinne vya Kitambaa Cheupe

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ile ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa cheupe kilichonyunyizwa maji. Ilikuwa harufu ya mvuke na moshi mwembamba, na ndani yake kitu kinachokaribia mkate, nayo ilijaza nyumba yetu ya udongo kila kiangazi pale Juru, katika makazi ya Nakivale, baada ya maharage kupurwa na kutiwa magunia, wakati watu wa kanisa letu walipofunga ndoa zao. Mwanga ulipenya shitingi, yale maturubai tuliyopewa wakimbizi kuezekea, ukageuka rangi ya maziwa, na ndani ya mwanga huo namwona mama yangu akienda na kurudi kama anayeelea, huku gauni likining'inia mbele yake bila mtu, mikono imenyooka, kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae. Nje, upepo ulisukuma maganda makavu ya maharage hadi kwenye uzio wa minyaa. Mbali chini, ziwa lilikuwa mstari mmoja tu uliong'aa, na siku za vumbi mstari huo ulifutika kabisa, nasi watoto tukabishana kama kweli kulikuwa na ziwa.

Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini mwaka 1996. Kiangazi ninachokisimulia ni cha mwaka 1998, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Gauni lile halikuwa mali ya mtu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamechanga maharage, kila mmoja bakuli lake, wakayauza katika mji mdogo wa Kaberebere, kisha wakamtuma mama yangu, aliyekuwa fundi wa nguo tangu nyumbani, aende Mbarara kutafuta kitambaa. Alilishona gauni kubwa kuliko mwanamke yeyote tuliyemjua, na ndani ya kila mshono alikunja kitambaa cha ziada chenye upana wa vidole vinne. Bibi arusi akiwa mwembamba, mama alikunja zaidi. Akiwa mnene, alifumua kwa wembe na kuachia. Arusi ikiisha, alifumua tena mishono yote, akalifua, akalirudisha kwenye sanduku la bati likiwa na upana wake wote, tayari kwa yeyote. Kazi yangu ilikuwa kuokota nyuzi zilizofumuliwa. Sikuwahi kumwona akiligusa kwa mkasi.

Makubaliano yalikuwa kwamba kila binti na kila mjane wa kanisa letu angeolewa ndani ya gauni hilo, hata yule ambaye mchumba wake angeweza kumkodia jingine. Akina mama walieleza sababu kwa maneno machache. Tulikimbia sote, walisema, lakini wengine walifika na godoro juu ya baiskeli na wengine walifika mikono mitupu. Siku ya kusimama mbele za Mungu, asijulikane nani alibeba nini. Mimi sikulitafakari jambo hilo. Kila Jumapili mchungaji alituonya tusiipende dunia, nami niliamini kwamba dunia ni mji wenye taa za umeme, ulioko mahali fulani kupita Kaberebere. Kwa kuwa sikuwa nimewahi kufika huko, nilijihesabu kuwa salama.

Kumbe dunia ilikuwa na baiskeli. Ilikuja siku moja ya Julai, imefungwa kwenye karia, ndani ya albamu ya Kato, mpiga picha Mganda kutoka Kaberebere aliyepita vijiji vyetu kutafuta wateja. Dada yangu Nyota, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyowaita kwetu ndugu wakubwa, alikuwa aolewe baada ya wiki moja, nami ningetembea mbele yake nimeshika maua. Kato alifungua albamu juu ya kigoda chetu. Maarusi wa Mbarara walipita mbele ya macho yangu ukurasa baada ya ukurasa, viuno vyao vyembamba kama shingo za chupa, nyuma yao mapazia mekundu. Halafu akatazama gauni letu likining'inia, akainamisha kichwa.

"Nyabo, hii gauni iko muzuri," alimwambia mama kwa neno la heshima la Kiganda, "lakini kitambaa mingi sana kwa ndani. Bibi arusi nakaa kama gunia ya maharage."

"Gunia ya maharage ndiyo inatulisha," mama alijibu bila kuinua macho kwenye pasi.

Nyota alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Kato alikuwa amesema pia kwamba picha itakayopendeza kuliko zote ataipeleka Mbarara, iwekwe kwenye dirisha la kioo la studio, watu wote wa mjini waione. Usiku na mchana nililala na kuamka ndani ya dirisha hilo. Nilimwona Nyota humo, nikajiona mimi kando yake, na watu nisiowajua wakisimama barabarani na kuuliza, hawa ni akina nani? Tangu tuvuke mpaka, hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hivyo isipokuwa wenye kuandika majina yetu kwenye karatasi.

Siku moja kabla ya arusi mama aliniachia pasi akaenda kusaidia mapishi. Gauni lilikuwa limekwisha kupunguzwa kwa kipimo cha Nyota, na pale ubavuni, mikunjo ya ndani ilifanya uvimbe mdogo ambao pasi haikuweza kuulaza. Nilijaribu mara nyingi. Kisha nikachukua mkasi. Nakumbuka sauti yake, laini na tulivu, kama ng'ombe anayekata majani, na vipande virefu vyeupe vikianguka juu ya miguu yangu kutoka upande wa kulia, halafu wa kushoto. Nilivitupa chooni. Nilipopitisha pasi tena gauni lililala tambarare, zuri kama yale ya albamu, na moyo wangu ukajaa furaha safi ambayo hata leo siwezi kuikana.

Asubuhi ya arusi, mama alipokuwa akimvika Nyota, vidole vyake vilishuka kwenye mshono wa ubavu, vikasimama. Akanitazama mara moja. Kisha akaendelea kufunga vifungo, kwa sababu ilikuwa siku ya mwanawe, na wanawake walikuwa wakipiga vigelegele mlangoni. Wote walisema hawajawahi kuona bibi arusi mwenye umbo kama lile. Kato alipiga picha nyingi. Siku zilizofuata mama hakuniuliza neno, nami nikadhani nimesalimika.

Wiki mbili baadaye alikuja Mama Bahati kujaribu gauni. Alikuwa mjane, mwanamke mpana mwenye nguvu, anayejulikana Juru nzima kwa kubeba gunia kichwani huku akiimba. Mume wake alikufa njiani tulipokimbia, na sasa fundi seremala mmoja mpole alikuwa amemposa. Safari hii mama alikuwa hajalifumua gauni baada ya arusi; aliniambia, "Feza, fumua." Nikafumua mishono ya ubavu kwa wembe, polepole, nikijua kwamba ndani hamna kitu. Mama Bahati aliingia ndani ya gauni likakataa kufungika. Mgongoni palibaki nafasi ya kiganja kizima.

"Mama Nyota," alisema akicheka, "gauni imekonda ao ni mimi nimenona?"

"Mwili yako haina kosa," mama alijibu. "Gauni ni kazi yangu. Nenda ukule vizuri." Lakini alikuwa akinitazama mimi. Alikuwa amenifungulia mlango wa kukiri, sikupita.

"Hapana, nitafunga na kuomba," alisema Mama Bahati. "Iko wiki mbili. Mungu ataona njaa yangu na mafuta yangu pamoja."

Mama alimkatalia, akamwambia atasafiri Mbarara kutafuta kitambaa, lakini Mama Bahati alikuwa ameshaamini kwamba aibu ni ya mwili wake. Alianza kunywa kikombe kimoja cha uji asubuhi, basi, na kulima mpaka jua lizame. Bombani wanawake walimtania kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo 'juu ya' ni 'kwa ajili ya' na 'babili' ni 'wawili'. "Mama Bahati, unafunga juu ya Bwana Mungu ao juu ya bwana seremala?" Naye alijibu, "Juu ya bote babili, na wewe anza kufunga mdomo!" Walicheka wote. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye foleni na dumu langu, na kila siku nilisikia kicheko chake kikipungua upana. Siku ya nne hakuimba tena. Nyumbani niliendelea kula hadi sahani ikabaki tupu.

Siku ya sita nilipita kando ya shamba lake nikamkuta ameketi kwenye udongo, jembe limelala mapajani, midomo imekauka.

"Mutoto wa Mama Nyota, ni wewe?" alisema. "Niko naona ba-Feza babili."

Nilisema kwa haraka, kama anayetapika. "Mama Bahati, usifunge tena. Ni mimi nilikata gauni. Kwa ndani. Ili Yaya Nyota aonekane mwembamba kwa picha."

Hakunipigia kelele. Aliliweka jembe chini, akatazama mstari wa ziwa. "Siku sita," alisema. "Siku sita niko nauliza Mungu juu ya nini aliniumba mukubwa hivi." Halafu akajifuta uso kwa kitenge. "Kimbia kwenu. Lete ugali na maharage. Mingi."

Nilikimbia. Alikula chakula chote pale pale shambani, taratibu, nami nimeketi mbele yake kwa amri yake. Alipomaliza ndipo alipolia. "Mambo ya gauni, nitaongea na mama yako," alisema. "Lakini hii ya siku sita ni ya mimi na wewe."

Mama alirudi kutoka Mbarara na kitambaa kipya, lakini hakikuwa na weupe ule ule. Gauni la zamani lilikuwa limepata rangi ya maziwa. Vipande vipya viling'aa kama chumvi. Alinishonesha mimi kwa mkono, akiwa ameketi kando yangu, na kila nilipopinda mshono ovyo aliufumua, nikaanza upya. Siku ya arusi ya Mama Bahati, vipande hivyo viwili, kutoka kwapani hadi gotini, vilionekana hata na waliokaa nyuma ya kanisa. Kato alikuja tena na kamera yake. "Nyabo, shusha mikono kwa mbavu," alimshauri bibi arusi, "hiyo kiraka haitaonekana."

"Piga hivi hivi, ssebo," alisema Mama Bahati, akimkabili kifua mbele, mikono kiunoni. "Nimekula kwa ajili ya hii picha."

Baadaye mwaka huo nilifika Mbarara kwa mara ya kwanza, nikalitafuta dirisha la studio. Picha ya Nyota ilikuwepo kweli, pembeni, imeanza kupauka kwa jua. Mimi nilikuwa nimekatwa na ukingo. Kilichobaki ni mkono wangu ulioshika maua. Nilisimama pale hadi mama aliponiita. Watu walipita na mizigo yao, na hakuna aliyeuliza sisi ni akina nani.

Sasa nina miaka ipatayo arobaini, nafundisha katika chuo mjini Mbarara, na taa za umeme haziniogofyi. Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya kuikataa dunia, na mengi yanaelekeza kidole kwenye vitu: mavazi, nyumba, magari, muziki. Sibishani nayo, ila sidhani kwamba uzuri wa vitu ndio hatari. Kiuno cha dada yangu kilikuwa kizuri siku ile. Hatari ni kwamba mtu anayetaka kutazamwa huhitaji nafasi, na nafasi hiyo huikata mahali pasipoonekana, kwa ndani, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa hata kwenye mawazo yake. Na mtu huyo, akikosa kutoshea, hujilaumu mwenyewe. Nadhani ndiyo maana Mkristo hana budi kuipinga tamaa hiyo mapema, ikiwa bado tamu na haina harufu ya dhambi. Nasema hivi bila kujisifu. Mimi mwenyewe niliolewa ndani ya gauni la kukodi lililonibana hata nisiweze kuketi, nikalifurahia.

Kanisa letu la mjini lina sakafu ya vigae na kamati za kila jambo. Mwaka jana kamati ya akina mama ilichagua kitenge cha sare kwa ajili ya sikukuu, na kati ya viwili nilikitetea kile cha bei kubwa, kwa maneno mazuri juu ya heshima ya nyumba ya Mungu. Ukweli ni kwamba kilinipendeza mwilini. Baada ya hapo binti mmoja mshonaji, sauti nzuri ya kwaya, hakuonekana tena. Tulitangaziwa kwamba anaumwa. Nilijua haumwi; hakuwa na bei ya kitenge kile. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kusema ukweli kulinichukua siku sita. Safari hii, pamoja na elimu yangu yote, kulinichukua miezi mitatu.

Jumamosi moja nilikwenda kwake kwa miguu, nikabisha hodi. Alifungua akiwa na uzi mdomoni, akaniangalia kwa wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Umetumwa na kamati?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kile kitambaa ni mimi niliyekichagua, na nilikichagua kwa ajili yangu."

Aliutoa uzi mdomoni. Alinitazama kama anayenipima, kisha akasogea kando ya mlango, ingawa hakuniambia karibu.